Mwenyeji wa Kampuni Mbili

Mtu anayestaafu anatarajiwa awe na mvi, miwani, na saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake. Mimi sina hata kimoja. Nina mtoto anayeota meno, mwingine aliyeanza shule mwaka huu, na hasira. Lakini chumba nilichofundishia kimebomolewa, darasa langu limekwisha, na hakuna aliyeniita kwingine. Kwa hiyo nimestaafu. Asiyelipenda neno hilo aniletee lake.

Ninawaandikia nyinyi mliobaki. Wewe unayefundisha akina mama kule Takaba bila cheti cha ualimu. Wewe wa Sangailu unayefundishia chini ya turubai. Na nyinyi wa Wajir mnaonipigia simu, "Abaayo, dada yetu, historia unaifundishaje mtu asilale?" Dada zangu, nimechoka kujibu kwa simu huku mtoto analia. Jibu ni hili hapa. Mshahara sitautaja, maana ni huohuo wenu na mnajua hali.

Siku ya kwanza sikuwa mwalimu. Nilikuwa mdomo wa mwalimu. Darasa lilikuwa la wanawake walioolewa kabla ya kumaliza shule na sasa wanataka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Walikuja baada ya swala ya alasiri, watoto migongoni. Mwalimu Mutiso, Mkamba mpole wa sauti ya taratibu, alifundisha kwa Kiswahili, na mimi, msichana niliyetoka shule juzi, niliwapa Kisomali wale waliosahau Kiswahili cha darasani. Chumba kilikuwa cha mawe na mabati, kimepakana na soko la mifugo hapa Garissa. Ubao upande huu, mbuzi upande ule, na siku nyingi mbuzi ndio waliosikika vizuri zaidi.

Siku hiyo Mutiso alitoa sentensi ndefu sana kuhusu chanzo cha kilimo. Nikaitafsiri kwa maneno matatu. Akina mama wakacheka.

"Mbona yangu ilikuwa ndefu?" akaniuliza.

"Mwalimu, yako ilitiwa maji."

Mwingine angenifukuza. Yeye akatikisa kichwa, akasema, "Haya, kesho nitaleta maziwa matupu." Na akaleta. Tangu hapo alinionyesha somo mapema, tukalichuja pamoja, na kilichobaki ndicho tulichoingia nacho darasani.

Alinifunza mambo mawili ambayo sikuyaona kwenye kitabu chochote. Jibu lililokosewa usilipite mbio: muulize mtu amelitoa wapi, maana huko alikolitoa ndiko anakojua. Na kabla hujauliza nani alishinda vita, uliza nani alikuwa anaishi pale vita vilipopiganwa.

Kisha walimu wa kutoka kule tunakoita Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, wakaanza kuondoka kwa hofu ya kushambuliwa, na hofu yao haikuwa ya bure. Mutiso alikaa kuliko wenzake wote. Mwisho mke wake alipanda basi akaja kumchukua mwenyewe, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye sherehe. Aliniachia chaki, rula ndefu ya mbao, na katoni ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo.

Katoni hizo mnazijua. Unaomba vitabu vya hesabu, unaletewa cha kupanda maua kwenye baridi na kingine cha kutunza farasi. Katikati ya hivyo nikakuta kimoja kisicho na jalada, kinaeleza jinsi kampuni mbili za biashara, moja ya Waingereza na moja ya Wafaransa, zilivyopigana huko Uhindi katika karne ya kumi na nane. Nilikisoma nikimnyonyesha kifungua mimba wangu, nikifunua kurasa kwa mkono mmoja. Mwanzo sikuelewa. Kampuni inauza vitambaa, halafu ina mizinga? Mwenye duka anamvamia mwenye duka mwenzake kwa meli za kivita, tena kwenye nchi isiyo ya yeyote kati yao? Nilitaka kujua, basi. Sikuwa na sababu nyingine. Nanyi msione haya kutaka kujua kitu bila sababu. Mkiwa na sababu ya kila kitu mtaishia kuwa waratibu.

Mratibu wetu, mama mwenye mkoba mzuri, alikishika kile kitabu kwa vidole viwili. "Hii haiko kwenye silabasi."

"Ile kampuni iliyopewa hati ije ituendeshe sisi huku Afrika Mashariki iko?"

"Hiyo iko."

"Basi ndiyo ninayofundisha. Nimeanzia mbali kidogo."

Akaniacha. Hakuwa mbaya, alikuwa na madarasa mengi na gari moja.

Somo la kwanza lilikuwa aibu. Nilisimama nikasoma: Waingereza wako Madras, Wafaransa wako Pondicherry, miji miwili ya pwani moja. Joto la Garissa mnalijua. Kufikia sentensi ya tatu vichwa vilikuwa vinaanguka kama vya ngamia waliofungwa magoti. Ndipo Dekha akainua mkono.

Dekha huyu ndiye habari yenyewe, kwa hiyo mjueni. Anauza chai kwenye lango la soko la mifugo. Aliolewa akiwa darasa la nane, na alipotaka kurudi masomoni mume wake alikubali kwa sharti moja: asome mahali ambapo yeye mume, akisimama kwenye kibanda cha chai cha mkewe, anapaona. Sharti hilo lilikuwa na chumba kimoja tu Garissa nzima, na ni kile chetu. Ukuta ule ukisimama, Dekha anasoma. Ukianguka, anarudi kwenye birika.

"Abaayo," akasema, "hao Wazungu walikuwa wageni wa nani?"

"Wageni wa nani vipi?"

"Mfanyabiashara hashuki tu kwenye nchi ya watu na mizigo yake. Nani alisimama kwa ajili yao?"

Nyinyi mnajua alichouliza, lakini kuna siku mtamfundisha mtu asiyejua, basi nieleze. Zamani kwetu mfanyabiashara wa mbali hakupitisha msafara bila mwenyeji wa mahali, tunamwita abaan. Abaan anamtafutia maji, anamsemea, anakula naye. Mgeni akiibiwa, aliyeibiwa ni abaan. Mgeni akifanya uovu, anayejibu ni abaan. Na mgeni naye ana wajibu: hapigani ndani ya boma la mwenyeji wake.

Nilirudi kwenye kitabu kile na nikajiona mjinga, maana jambo lenyewe lilikuwepo ila nilikuwa nimelipita. Walikuwa na mwenyeji. Alikuwa nawabu, mtawala Mwislamu wa eneo linaloitwa Karnatik, na kampuni zote mbili zilikaa kwenye ufuo kwa idhini ya watawala wa huko.

Siku iliyofuata nilipasua gunia la sukari, nikachora Uhindi kwa rangi iliyobaki ya mlango. Hiki ndicho kifaa bora nilichowahi kuwa nacho. Kinakunjwa, mtoto akikikojolea kinafuliwa. Nikakitandika sakafuni, tukakizunguka, nikaanza upya.

"Wafalme wao wakaanza kupigana huko Ulaya kwa ajili ya kiti cha watu wengine. Habari ikafika huku kwenye gunia. Meli za Waingereza zilikuwa nyingi, kwa hiyo Wafaransa wakamkimbilia nawabu: tulinde. Nawabu akasema, hakuna kupigana kwenye nchi yangu."

"Alisema vizuri," mama mmoja akasema.

"Wakamsikia. Baadaye Wafaransa wakapata meli, wakaiteka Madras. Sasa Waingereza ndio wakamkimbilia nawabu."

"Huyo nawabu alikuwa na kazi!"

"Akawaambia Wafaransa waache. Wakamjibu, usijali, tukiiteka tutakupa wewe. Hawakumpa. Akatuma jeshi, likiongozwa na mwanawe mwenyewe. Kwenye mto mmoja, kikosi kidogo cha Wafaransa na askari wa Kihindi waliowafundisha kufyatua bunduki kwa zamu kikalitawanya jeshi lote."

Kelele ilizuka. "Mgeni ampige mwenyeji? Kwenye boma lake?" Mtoto akaamka, akanyonyeshwa, na mama yake akaendelea kufoka juu ya kichwa chake. Hakuna aliyelala.

"Kisha wafalme wakapatana huko kwao," nikasema. "Wafaransa wakairudisha Madras. Waingereza nao wakarudisha ngome moja waliyokuwa wameiteka Kanada, kwenye barafu. Mji kwa ngome."

Dekha akaigusa Madras kwenye gunia. "Watu wa Madras walisemaje?"

"Hawakuulizwa."

"Kabisa?"

Mama mmoja mzee kidogo, aliyekuja darasani kumsindikiza binti yake akabaki, akasema bila kuinua macho, "Kabla ya uhuru, Waingereza waliwauliza wazee wetu wanataka kuwa nchi gani. Wakajibu, Somalia. Ikasaidia nini?"

Nikaona niendelee na somo.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, na bado inanishangaza. Ulaya kulikuwa na amani. Wafalme wanatumiana zawadi. Lakini kampuni hazikuacha. Huko Karnatik kukawa na ugomvi wa urithi, watu wawili wanadai kiti kimoja, na nawabu mzee akauawa vitani. Wafaransa wakamuunga mkono mdai mmoja, Waingereza wakamuunga mkono mwingine. Ukiwauliza, hawapigani. Wanamsaidia rafiki. Mdai wa Wafaransa aliishia kukatwa kichwa. Mdai wa Waingereza akapata kiti, akakikalia, na kadiri miaka ilivyopita akabaki na kiti tu. Nchi ikawa ya rafiki.

Kwenye zoezi Dekha aliandika kwamba baada ya nawabu kuuawa, kampuni ya Wafaransa ililipa familia yake ngamia wa diya, fidia ya damu. Mimi nilicheka mpaka nikamwamsha mtoto. Kisha nikamkumbuka Mutiso, nikamuuliza Dekha jibu hilo amelitoa wapi.

"Kwani hawakulipa?"

"Hakuna palipoandikwa."

"Basi damu yake ilikwenda wapi?"

Nilimkosoa kwa kalamu nyekundu kama inavyotakiwa. Lakini swali lile sikuweza kulikosoa.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Kiwanja cha darasa kilikuwa cha Ayeyo Faduma, bibi mmoja mjane. Alituambia kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba chumba ni cha wanawake kusomea. Karatasi hakuandika. Nani angeandika karatasi na Ayeyo yupo? Kisha Ayeyo akafariki, Mungu amrehemu, na watu wawili wakajitokeza kusema kiwanja ni chao: Bishar, mwanawe wa kuzaa, na Ture, mtoto wa shemeji yake, aliyesema kiwanja kilitoka upande wa baba yake.

Ugomvi wa urithi wa ndugu wawili ungezungumzwa ukaisha. Lakini ukuta wetu ulikuwa kando ya lango la soko, na palikuwa na kampuni mbili za malori ya kusafirisha mifugo hadi Nairobi. Moja malori yake meupe, nyingine ya buluu. Majina siyataji, na wala hamyahitaji. Kila moja iliona pale pangefaa kujengwa ngazi ya saruji ya kupandishia mifugo, yake peke yake. Buluu wakawa marafiki wa Bishar. Weupe wakagundua wanampenda sana Ture.

Darasani kwanza tulipata neema. Weupe wakatuletea mabenchi mapya kwa jina la Ture. Wiki hiyohiyo Buluu wakatuletea tangi la maji kwa jina la Bishar. Weupe wakaleta feni. Buluu wakapaka ukuta rangi, na mnajua rangi gani. Mratibu alifurahi, akapiga picha.

Nilikuwa nafuta ubao siku hiyo Dekha aliposema nyuma yangu, taratibu, "Mwalimu. Si hii ndiyo ile?"

"Ile ipi?"

Akaonyesha gunia ukutani. Kisha benchi alilokalia. Kisha, kupitia dirishani, tangi.

Wallahi niliacha ubao nusu umefutwa. Nilikuwa nimewafundisha jambo mwezi mzima na sikuliona likiingia mlangoni likiwa limebebwa na vijana wanne. Darasa zima likaelewa kwa pamoja. Kuanzia siku hiyo Weupe wakaitwa Waingereza, Buluu wakaitwa Wafaransa, na Bishar na Ture wakaitwa wadai. Akipita mmoja wao, akina mama waliinamia madaftari yao wakicheka kwenye shela. Ture aliniuliza kwa ukali ninawafundisha nini hawa wanawake. Nikamwambia historia. Akasema wanawake wa umri ule hawana haja ya historia. Nikamwambia historia ndiyo yenye haja nao. Alikwenda kunishtaki kwa mume wangu, ambaye alimkaribisha chai, akamsikiliza, na jioni akaniambia, "Ture alikuja. Chai imekwisha."

Kisha vita. Madereva wa Weupe na wa Buluu walirushiana mawe langoni, ua wetu ukang'olewa, mbuzi wakaingia darasani na kula zoezi la hesabu. Buluu walisema ni ugomvi wa Bishar na Ture. Weupe walisema ni ugomvi wa Bishar na Ture. Bishar na Ture, nawaambia ukweli, siku hiyo walikuwa pamoja Wajir kwenye arusi ya binamu yao, wakila sahani moja.

Mtihani ulikuwa umekaribia. Dekha alikuwa ameshasajiliwa kwenye shule ya jirani kama mtahiniwa wa nje, na mume wake kila jioni alisimama kwenye kibanda cha chai akitazama kama ukuta bado upo.

Amani ndiyo iliyotumaliza. Wenye kampuni walikutana kule Mandera, hatukujua, hakuna aliyetuambia. Wakakubaliana: njia ya Takaba iwe ya Weupe peke yao, na kiwanja cha Garissa kiwe cha Buluu. Ture akaambiwa anyamaze, akanyamaza, maana rafiki zake walikuwa wamepata walichotaka. Tulikuja baada ya alasiri tukakuta mabenchi yetu yako nje juani, mlango una kufuli jipya, na gunia langu limekunjwa na kutupwa juu ya tangi.

Nililia. Si kwa huzuni. Nililia kama mtu anayetaka kumpiga mtu na hajui aanze na nani. Dekha hakulia. Aliokota gunia, akalikung'uta vumbi, akaniuliza, "Madras na ngome ya Kanada, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na sisi na Takaba."

"Ndiyo."

"Kesho wazee wanakaa," akasema. "Nitapeleka chai."

Wazee wa soko hukaa kwenye kibanda cha mabati, asubuhi, kusikiliza magomvi ya mifugo. Siku hiyo walikaa kuubariki mkataba. Bishar alikuwepo, Ture alikuwepo, meneja wa Buluu alikuwepo, kijana wa miwani ya jua anayesalimia kila mtu mara mbili, na mjumbe wa Weupe. Mwanamke haingii pale kuzungumza. Lakini anayeleta chai anaingia, na Dekha ndiye aliyeleta chai yao siku zote. Mimi nilisimama nje na wenzangu, mtoto begani, tukichungulia.

Alimimina kwa wazee wote. Akamimina kwa Bishar, akamimina kwa Ture. Alipofika kwa meneja wa Buluu akasimama, birika mkononi.

"Adeer," akamwambia kwa heshima mzee aliyekaa katikati, "nimimine kwa hawa? Wageni wa nani hawa?"

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Mimina, dada, usitucheleweshe. Wageni wa Bishar hao."

"Bishar," akasema Dekha, "ni wageni wako? Wakikosa, unajibu wewe?"

Bishar alitazama kikombe chake. Alijua ua uliong'olewa, alijua kichwa cha dereva kilichopasuliwa kwa jiwe na bado hakijalipiwa. "Ni marafiki tu," akasema.

"Ture, na hawa Weupe?"

"Mimi simo tena."

"Basi hawana mwenyeji," akasema Dekha. Kicheko kilikuwa kimepungua. "Lakini tangu malori yao yaje hapa, madereva wao wanakula wapi? Wanapougua homa wanalala kivuli cha nani? Simu zao nani anazichaji? Gari la Buluu lilipokwama na mifugo inakufa kwa kiu, nani aliyewasemea kwa wenye visima? Adeer, aliyefanya hayo mnamwita nani?"

Neno lilikuwa moja na wote walilijua: abaan.

"Ni mimi," akasema. "Hawa ni wageni wangu, wote wawili. Na mimi ndiye niliyetolewa benchi nje. Wamebadilishana Takaba na Garissa, sawa, wafanyabiashara hubadilishana. Lakini mimi walinibadilisha na nini? Niambieni, nikione."

Meneja alivua miwani. Akaanza kusema habari za mkataba, za maendeleo. Mzee wa katikati akamkatiza. "Kijana. Umekula kwa huyu mama?"

"Nimekula, adeer."

"Umelipa?"

"Chai nililipa."

"Sikuulizi chai."

Walizungumza mpaka adhuhuri. Mimi nataka mjue kilichoamuliwa kama kilivyo, bila kukipamba. Hawakutupa kiwanja. Walisema Ayeyo hakuandika, na Bishar ni mwanawe, na akitaka kuuza auze. Lakini mgeni hapigani kwenye boma la mwenyeji wake wala hatoi vyombo vyake nje, kwa hiyo kufuli litolewe siku hiyohiyo, na hakuna jiwe litakalowekwa pale mpaka Dekha na wenzake wamalize mtihani. Dekha akamimina chai ya meneja. Akaongeza sukari, nadhani kwa dharau.

Mnadhani tulishinda? Tuliahirishiwa. Na mimi niliyesoma kitabu kile nilikuwa na woga wangu peke yangu: nawabu naye alikataza, wakamsikia mara ya kwanza, mara ya pili wakampiga. Kila siku nilikuja nikitazama kwanza mlango ndipo nitazame watu.

Mara ya pili ikaja. Mtihani haujaanza, lori la buluu likafika na saruji. Meneja yuko Nairobi, amepiga simu wapakue. Dekha alitoka darasani, kalamu bado sikioni, akaenda kusimama kwenye kibanda chake. Hakupiga kelele. Alifunika birika, akazima moto.

Dereva, mtu mzima wa ndevu, alimtazama kutoka dirishani. "Dekha, hakuna chai?"

"Kuna. Kwa wageni wangu."

"Na sisi?"

"Sijui. Nyinyi semeni."

Wapakuzi walikuwa wameshasimama nyuma ya lori. Walitazamana. Dereva akawapigia kelele wafunge mlango wa nyuma. Saruji ilirudi ilikotoka, na sisi tukarudi kwenye somo.

Mtihani ulifanyika. Kwenye karatasi ya historia, Uhindi haikutoka, mratibu alikuwa na haki. Ilitoka ile kampuni ya hati iliyokuja kwetu, wakaulizwa kwa nini ilishindwa. Dekha aliandika sababu zote za kitabuni, kisha akaongeza moja yake, kwamba haikuwa na mwenyeji. Sijui kama msahihishaji aliipa alama. Alifaulu, hilo ninalijua, na mume wake aliyekuwa anapima ukuta kwa macho sasa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemsomesha.

Ukuta uliangushwa baada ya karatasi ya mwisho. Sikwenda kutazama. Sasa pana ngazi ya saruji, mbuzi wanapanda pale niliposimama kufundisha, na mwaka huu wapo akina mama waliokuja kuniuliza darasa liko wapi, mmoja wao ana sharti kama la Dekha. Ndiyo hasira yangu. Haijastaafu nami.

Juzi nilipita langoni, mtoto mgongoni, nimekaza uso ili nisiitazame ile ngazi. Nikasikia kelele kwenye kibanda cha chai. Mabenchi yetu yako pale, yale ya Weupe. Madereva wamekaa juu yake, wa malori meupe na wa buluu, magoti kwa magoti. Na ukutani, kando ya jiko, limetundikwa gunia langu. Dekha alikuwa ameshika kijiko kirefu cha chai, ncha yake iko Madras.

Yule dereva wa ndevu akauliza, "Sasa huyo mfalme alipowakataza wasipigane, walimsikia?"

"Mara ya kwanza walimsikia."

"Na mara ya pili?"

Dekha aliniona. "Muulize mwalimu, huyo hapo anapita kama hatujui."

"Mimi nimestaafu," nikasema.

Alimimina kikombe, akawasukuma madereva wawili kwa kiwiko wasogee, akapangusa nafasi kwenye benchi.

"Kaa," akasema. "Wewe ni mgeni wangu."

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikakaa, nikaomba kile kijiko.